Bibi wa Benchi la Mbele

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa na wajukuu kumi na mmoja, meno ya mbele hana, na alikuwa ameanguka mtihani mara tatu. Nasema hivi mapema ili usije ukadhani nakusimulia habari za mtakatifu. Alikuwa mkorofi. Katika mambo madogo alikuwa mwongo. Alinitukana siku ya kwanza ya somo na siku ya mwisho, na katikati hakupumzika sana. Lakini nikiulizwa ni nani aliyenifundisha kusoma, mimi niliyefika chuo kikuu enzi za Mwingereza, wakati wa kwetu waliofika huko walihesabika kwa vidole, simtaji profesa hata mmoja. Namtaja yeye. Mlimani kote walimwita Bibi wa Benchi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisani. Kwetu, kwenye miteremko ya Meru, mtoto wa Kilutheri akifika umri wa kipaimara hufundishwa katekisimu mwaka mzima, kisha Jumapili moja huketishwa benchi la mbele na wenzake, na mchungaji huwauliza maswali mbele ya usharika wote. Baba yako yupo, mama yako yupo, na yule mwanamke anayegombana na mama yako naye yupo, amekaa mkao wa kusikiliza. Ukijibu, unakaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Usipojibu, unarudi mwaka ujao. Ni benchi la watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano. Na mwisho wa benchi hilo, upande wa ukutani, miaka mitatu mfululizo, alikaa bibi kizee mwenye kitambaa cheupe kichwani, magoti yamempanda karibu na kidevu kwa sababu miguu ya benchi ilikuwa mifupi.

Alikuwa amebatizwa uzeeni. Watu walimwuliza anajitesea nini na kipaimara, umri wote ule.

"Nimepika harusi zenu na misiba yenu," aliwajibu. "Hakuna chungu mlima huu ambacho sijakionja. Chakula cha Bwana huyu mmoja tu ndicho sijakionja. Kwa nini nisionje?"

Basi mwaka huo wa nne ndipo mimi nilipotumbukia. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Kampala, treni mpaka Nairobi na basi toka hapo, safari ambayo nilipoondoka mara ya kwanza usharika ulinisindikiza kwa matarumbeta. Niliporudi hapakuwa na tarumbeta, na ashukuriwe Mungu, maana mfukoni nilikuwa na barua. Nilianguka masomo mawili, kemia na hisabati. Ningeruhusiwa kurudia mitihani hiyo mara moja tu, kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Nikianguka tena, nafasi yangu imekwisha, nikalime.

Nyumbani nilisema niko likizo ndefu. Baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kupenda kuongezea, alikwenda akiwaambia watu kwamba nimesoma sana hata walimu wamenihurumia. Nikamwacha aseme. Ningemkatizaje? Kila akiongeza neno nilijiona nazidi kudidimia, na wiki mbili za kwanza sikusoma lolote la maana. Nilifungua daftari ukurasa wa kwanza, nikafunga.

Mchungaji aliposikia nipo, akaniomba nimsaidie Bibi. Mwinjilisti aliyekuwa akifundisha kipaimara alikuwa amekataa kabisa. Alisema bora apewe mbuzi.

Nilimkuta kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani kwake, katikati ya migomba, amekaa mkekani anachagua buni za kahawa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mwalimu wangu?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umetokea huko nyuma, kwenye mashamba ya watu? Barabara imekufa?"

Nikasema nimepita njia ya mkato.

"Mkato!" Alitazama suruali yangu iliyolowa umande mpaka magotini. "Umezunguka bonde zima ili upate mkato. Haya, kaa. Chuo kikuu kimetuletea mtu wa maana."

Alikuwa akisimulia kuanguka kwake kama wengine wanavyosimulia safari ya Mombasa, kwa raha na kwa kirefu. Mara ya kwanza, alisema, alihesabu vichwa. Mchungaji wa wakati huo alikuwa akiuliza kwa mpangilio, swali la kwanza kwa mtoto wa kwanza, la pili kwa wa pili. Bibi akahesabu benchi, akajikuta yeye ni wa kumi na saba. Basi akajifunza jibu la kumi na saba peke yake, mengine akayaacha yaende zake. Jumapili ilipofika, msichana wa sita akashikwa na kwikwi, akatolewa nje akanywe maji. Maswali yakasogea. Bibi akaulizwa habari za kuwaheshimu wazazi, naye akasimama, akajibu kwa sauti kubwa, bila wasiwasi wowote, habari za ubatizo.

"Mpaka 'Amina' nikaweka!" alisema, akipiga paja.

Nilicheka nikashika tumbo. Halafu kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka nilivyofanya mimi kule Kampala. Tulikuwa tukikusanya karatasi za mitihani ya zamani, tunapiga ramli: hili lilikuja mwaka juzi, kwa hiyo mwaka huu litakuja lile. Nikasoma lile. Likaja jingine kabisa. Msomi mzima na bibi asiyejua herufi, kosa letu moja. Lakini hilo sikumwambia.

Mara ya pili aliulizwa habari za kutamani mali ya jirani. Akajibu vizuri, neno kwa neno. Angekaa kimya hapo, angepita. Lakini kwetu mpaka wa shamba huwekwa kwa masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo mtu hang'oi hivi hivi, na Bibi alikuwa na kesi moyoni. Akageuka, akamnyoshea kidole jirani yake aliyekaa safu ya tatu. "Na huyu aliyeng'oa isale langu akalisogeza hatua nne, yeye alijibu nini alipoulizwa?" Mke wa jirani akasimama. Dada wa Bibi akasimama. Mchungaji alifunga ibada bila kuimba. Alimwambia Bibi kwamba jibu lake lilikuwa sahihi ila moyo bado haujaiva.

Mara ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Alikuja mchungaji mwingine, mpole, akamwonea huruma. Alipofika mwisho wa benchi akasema, "Mama, wewe umri wako unatosha. Inuka upokelewe." Bibi hakuinuka. "Niulize," alisema. Mchungaji akamsihi. "Niulize!" Basi akaulizwa swali rahisi kuliko yote, ambalo hata wadogo wa wale watoto walilijua, na kwa hasira alizokuwa nazo likampotea. Akakaa kimya mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Lakini Bibi," nikamwambia, "si walikuwa wanakupa bure?"

"Ndiyo hiyo bure. Ningeingia dirishani, na mlango upo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akikataa kusaidiwa, anakataa hata kushikwa mkono kwenye utelezi, kisha akianguka anakulaumu hukumshika. Aliwachukia walevi kwa maneno makali, na mbege yake, pombe ya ndizi, ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote upande ule wa mlima. Alisema ni ya wagonjwa. Umri wake aliutaja tofauti kila wiki, kutegemea anataka heshima au anataka kusifiwa uzuri. Alinishibisha loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, mpaka nikashindwa kuinuka, akaenda kusema kwa watu kwamba mwalimu wake ni mlafi. Mlima ukijifunika mawingu asubuhi, alisimama mlangoni na kuugombeza: "Lala tu, lala! Wenzako tumeshaamka." Mji wa Arusha, ambao ni mteremko tu kutoka kwetu, alikuwa ameufikia mara mbili maishani na hakuupenda. Alisema kule hata maji watu wanayatazama kwa uchoyo.

Somo letu lilikuwa hivi: mimi nasoma swali na jibu, yeye anarudia, huku mikono yake ikichagua buni. Kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko changu, nakuambia ukweli. Tatizo lilikuwa ubishi. Kila jibu alitaka kulirekebisha. Nikapandisha sauti, naye akapandisha, na wapita njia wakasimama kusikiliza elimu.

Wiki ya tatu nilikuja na madaftari yangu, ili nisome wakati yeye anapika. Alijifuta mikono kwenye kanga, akachukua daftari la kemia, akalifungua. Nikamwacha, maana hajui kusoma, ataona nini?

Alifunua kurasa polepole toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akarudi mwanzo.

"Hiki umekisoma?"

"Sana, Bibi."

"Uongo. Umesoma huku mbele." Akanionyesha. "Hapa karatasi zimechakaa, zina jasho la vidole. Hapa pia. Toka hapa kwenda huko, nyeupe. Hakuna mtu aliyefika huku."

Ilikuwa kweli tupu. Kila asubuhi nilianza ukurasa wa kwanza, kwa sababu wa kwanza nilikuwa naujua, na kusoma unachokijua ni kutamu. Nikifika pagumu, nasema nimechoka, kesho. Na kesho naanza tena wa kwanza.

Alinitazama sana. "Wewe umeanguka, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema kwa mdomo. Sikulia. Haya, nililia kidogo.

Hakunibembeleza. "Mangapi?"

"Mawili."

"Mawili tu!" Akacheka mpaka kuku wakakimbia. "Mwanamume mzima anapita vichakani wiki tatu kwa mawili? Mimi nina matatu na napita barabarani. Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Masikini. Basi mlima mzima utajua. Mimi mdomo wangu siwezi kuufunga, nimeshajaribu."

"Bibi, nakuomba! Baba atakufa kwa aibu!"

"Kesho asubuhi nakwenda mferejini kuteka maji na wenzangu. Ukitaka baba yako asikie kwako, wahi."

Mungu wangu, bibi yule! Nilikasirika nikataka kuondoka na nisirudi tena. Lakini aliushika mkono wangu akaniketisha mkekani, mbele ya buni zake. "Tazama ninavyofanya," alisema. Vidole vyake vilipita juu ya buni, vikachomoa nyeusi, vikachomoa iliyotobolewa na mdudu, vikachomoa iliyovunjika. "Mtu anayechagua kahawa haokoti nzuri. Nzuri zimeshakuwa nzuri, ziache hapo. Anaokota mbovu. Wewe siku nzima unaokota nzuri, unazisifu, mbovu umeziacha ndani."

Siku hiyo hiyo tukabadili somo. Nilimwuliza maswali yote ya katekisimu bila mpangilio. Alilolijua, buni moja kikapuni. Alilobabaika, buni moja kwenye bakuli. Bakulini zikabaki tisa. Tangu siku hiyo tulishughulika na hizo tisa tu, na kila moja ikieleweka inahamia kikapuni. Kisha akaamuru nami nifanye vivyo hivyo na kemia yangu. Kikapu changu kilifunikwa chini tu. Bakuli lilijaa, ikabidi alete sufuria. Lakini nilipoiona kazi yote mbele yangu, imekaa kwenye bakuli na sufuria, ilinitisha kidogo kuliko ilivyokuwa gizani mwa kichwa changu.

Jioni nilirudi nyumbani kwa barabara. Baba alikuwa anamenya kahawa, anazungusha mpini wa mashine, maganda mekundu yanaruka.

"Baba, siko likizo. Nimeanguka masomo mawili."

Hakuacha kuzungusha. Alizungusha mpaka debe likaisha, na mimi nimesimama pale. Kisha akapangusa mikono.

"Unarudia lini?"

"Baada ya wiki nane."

"Basi usinisaidie kazi yoyote hapa mpaka uende. Mama yako nitamwambia mimi. Atanigombeza mimi kwanza, wewe utapata nafasi ya kusoma."

Jumapili, bila kuniuliza, akasimama kanisani wakati wa matangazo, akaomba maombi kwa ajili ya kijana wake ambaye chuo kimemdai masomo mawili. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nje baada ya ibada watu walinishika mkono mmoja mmoja. Mjomba akauliza kemia ni ugonjwa gani. Mama mmoja akaniletea mayai, akasema ni ya akili. Aliyenuna alikuwa Bibi peke yake, amesimama pembeni na mikono kiunoni. "Umeniwahi," alisema. "Habari nzuri namna ile, umeniwahi!"

Mtihani wake ulikuja kabla ya wangu. Mchungaji alifika mwisho wa benchi. Aliuliza. Bibi akaomba arudie swali. Akarudia. Nikaona vidole vyake vinatembea juu ya goti, vinachagua. Kisha akajibu, taratibu, jibu la swali lile lile. Mchungaji akaongeza la pili, akajibu. Akaongeza la tatu, na hilo lilikuwa la jirani na mali yake. Akajibu neno kwa neno. Halafu shingo yake ikaanza kugeuka kuelekea safu ya tatu. Jirani akainamisha kichwa. Shingo ikasimama katikati, ikarudi, na Bibi akakaa chini. Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo sijavisikia kwenye harusi.

Baada ya kushiriki nilimwuliza kile chakula kilikuwaje.

"Kidogo mno," alisema. "Lakini nimekaa mezani." Na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, jambo ambalo angelikana mbele ya hakimu.

Mimi nilikwenda Kampala, nikarudia. Hisabati nilipita vizuri, kemia nilipita kwa kujikwaa. Barua ilipofika Bibi alitaka isomwe mara mbili, kisha akaniambia sasa nimwache apumzike.

Miaka michache ikapita. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani Arusha, ingawa watu walikuwa wameshaanza kuitazama kama mgeni aliyefunga mizigo. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye digrii na tai, na nilikuwa nimempata mchumba, muuguzi, mtu wa Machame. Huyo sikumwambia kwamba niliwahi kuanguka. Unaweza kunicheka. Nilisema nitamwambia, kisha tukafika mahali ambapo kumwambia kungekuwa pia kumwambia kwamba nilimficha, nikaogopa zaidi. Nilimpenda, na niliona akilijua hilo ataniona mtu mwingine.

Ndugu zake wakaja kwetu kutazama mahali binti yao anapokwenda. Kiongozi wao hakuwa baba yake. Alikuwa shangazi yake, mwanamke mnene, mtulivu, asiyetabasamu. Baba yangu akanisifu. Mjomba akataja digrii mara tatu. Shangazi akasikiliza yote, akanywa chai yake, kisha akasema, "Wenye nyumba tumewasikia. Jirani anasemaje?"

Kila mtu akageuka. Bibi wa Benchi alikuwa amekaa karibu na mlango, amekonda sana kuliko nilivyomwacha, fimbo mkononi. Nilimtazama kwa macho ya kumwomba. Aliyaona, nina hakika aliyaona. Akainuka kwa shida, akakataa kushikwa.

"Huyu," alisema, "alianguka masomo mawili kule chuoni. Akaficha wiki tatu, akapita vichakani kama mwizi wa ndizi. Kisha akalia, kwangu, kwenye mkeka. Halafu akaenda akamwambia baba yake. Akarudia yote mawili. Na wakati huo alikuwa akija kwangu kila siku, mvua, jua, kunifundisha mimi, kizee niliyekuwa namtukana. Haya ndiyo ninayoyajua."

Akakaa. Mjomba akakohoa. Baba akatazama paa. Shangazi akaweka kikombe chini, akaaga kwa heshima zote, akaondoka na watu wake bila kusema ndiyo wala hapana.

"Bibi, umeniharibia!" nilimwambia uani. "Yule msichana hajui!"

"Mbona mimi najua," alisema, "na kila ukija kwangu nakupokea?"

Nilimsindikiza mpaka kihambani kwake kwa hasira, polepole, kwa mwendo wake. Wiki tatu baadaye alifariki, na jibu la Machame lilikuwa bado halijaja.

Likaja. Mke wangu alinieleza baadaye jinsi shangazi yake alivyorudi nyumbani siku ile. Hakueleza habari za digrii wala za nyumba ya bati. Alivua viatu, akakaa, akamwita.

"Kule wanamjua ubaya wake," alimwambia, "na wanampenda. Nenda."